Nyumba Mbili Ndani ya Gari Moja

Ndugu zangu wa pale shuleni, kila tukikaa kunywa chai mnaniuliza habari za lile gari dogo la kijani, na kila mara kengele inalia kabla sijafika Igawa. Basi nimeamua kuandika. Sitasema nililipataje wala karatasi zake zilizunguka ofisi gani, maana hayo hayana utamu. Naanzia pale ambapo gari lilikwisha kuwa langu, limesimama mbele ya nyumba ya baba kule Rungwe, na ukungu umelimeza mpaka limebaki paa tu.

Mnajua ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa imetutia kiburi watu wa Rungwe, na mimi mwalimu kijana pale Mbeya. Gari lilikuwa la mzungu mmoja wa kilimo aliyerudi kwao. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo, kwa hiyo mke wangu Sekela akaliita Kobe, na jina likakaa. Ukitaka kukata kona, kimkono chekundu kilichomoka ubavuni kikaonyesha upande unaokwenda. Mara nyingine kilikataa kurudi, tukawa tunawaahidi watu njia nzima kwamba tunakata kushoto. Nililipenda gari lile kupita kiasi, nasema wazi. Nilikuwa naamka alfajiri bila safari yoyote, naketi tu kwenye kiti cha dereva nikinusa ngozi ya viti na mafuta, na kichwani nimekwisha kufika mbali.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Baba alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili, na kufikia mwaka ule alikuwa akitofautisha mchana na giza tu. Tukasikia kwamba Tosamaganga, kwenye hospitali ya misheni karibu na Iringa, kuna daktari wa macho anayepita, na Jumamosi kabla ya Krismasi anaondoka zake. Baada ya hapo hakuna aliyejua kama angerudi. Siku tuliyopata habari ilikuwa Jumanne.

Rungwe: gari ni nyumba au si nyumba?

Mgonjwa wa hospitali zile huenda na mtu wake wa kumpikia. Mama alikuwa amefariki, dada yangu alikuwa mzazi, kitoto chake hakijatimiza hata wiki. Akabaki Sekela. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa wale msio Wanyakyusa nieleze kidogo. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, hamtaji jina, hasemi naye, wala haingii nyumba aliyomo. Wakikutana njiani yeye huacha njia na kujifunika. Tunaita ukutila. Si uadui, ni heshima, tena heshima kubwa. Sekela alikuwa amekaa kwangu miaka kadhaa, na baba hakuwa ameuona uso wake hata mara moja.

Nilidhani nimepata dawa. "Baba haoni," nikamwambia shangazi, dada yake mkubwa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale nyumbani. "Asiyeona atamtazama nani?"

"Sikuuliza anaona au haoni," shangazi akasema. "Nimeuliza wataingia nyumba moja?"

"Si nyumba, shangazi. Ni gari."

Akalizunguka Kobe polepole, mkono mgongoni. Akagonga paa. Akafungua mlango, akaufunga. "Lina paa," akasema. "Lina milango, tena minne. Lina madirisha ya vioo, hata nyumba yangu haina. Watu wanakaa ndani wanaongea. Mwalimu, hebu niambie, nyumba ni nini?"

Mimi ninayefundisha watoto kujibu maswali nikaanza kufuta umande kwenye kioo. Baba alikuwa ameketi kibarazani. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa mila alikuwa mkali zaidi ya shangazi. Nilimjua. Angekubali kubaki gizani kuliko kumvunjia heshima mtoto wa watu.

Sekela ndiye aliyetuokoa. Alitoka nyuma ya nyumba ameshika shuka letu la kitandani, lile zito la maua ya buluu, akalitundika kwa kamba na vikulabu kutoka mlango hadi mlango, nyuma ya viti vya mbele, juu mpaka chini. Halafu akaingia nyuma, akatoweka.

Shangazi akachungulia mbele, akachungulia nyuma. "Haya," akasema. "Sasa ni nyumba mbili. Nendeni."

Rungwe hadi Uyole

Tukaondoka Jumatano asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata sikuona pua ya Kobe. Nilitoa kichwa dirishani nikafuata ukingo wa barabara kwa macho. Migomba ilikuja, ikapita, ikafutika. Baba mbele, koti lake jeusi la Jumapili na skafu shingoni, mikono imeshika magoti. Nyuma ya shuka hapakuwa na hata kikohozi. Nilijiona naendesha ndotoni na wale wawili ni watu ninaowaota.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba Sekela akitaka kushuka atagonga kiti changu mara moja. Nikisimama, baba alikuwa akigeuza uso upande wa pili, ingawa hakuona kitu. Kila mara aligeuza, bila kukumbushwa.

Mlima ulipozidi, maji ya rejeta yakachemka. Kobe likatoa mvuke, ukungu ukaongezewa ukungu, tukangoja lipoe. Tulisimama hivyo mara nyingi mpaka nikaacha kuona haya. Jua lilipofungua njia tulikuwa tunashuka kuelekea Uyole, bonde limetandazwa chini kwa kijani na manjano, nami nikajisikia mkubwa kupita vyeo vyote.

Sokoni Uyole nilisimama kununua viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Akina mama wa Kisafwa wakaliona shuka.

"Mwali huyo!" mmoja akapiga kelele. "Wanapeleka mwali kwa gari!"

Vigelegele vikapanda soko zima. Nikajaribu kueleza, nani anasikia? Mama mmoja alipitisha mkono kwenye dirisha la nyuma akamwachia Sekela kikapu cha mayai, huku akimpa nasaha ambazo siziandiki hapa. Baba akauliza kuna nini.

"Wanadhani tunapeleka mwali, baba."

"Na huyo mzee aliyekaa mbele wanasema ni nani?"

"Wanasema ndiye bwana arusi."

Baba alinyoosha uso wake mbele. Lakini nyuma ya shuka nilisikia mtu akijiziba kinywa.

Uyole hadi Igawa

Baada ya Uyole barabara inashuka mpaka hewa inabadilika, unavua koti, halafu unafungua vifungo. Upande wa kulia milima inakwenda nawe safari nzima, na kushoto Usangu umelala tambarare hauna mwisho. Niliendesha kwa saa nyingi nikawa kama nimesimama, na milima ndiyo inayotembea. Ng'ombe wa Wasangu walivuka barabara kwa raha zao, nasi tukangoja. Mchungaji wao aliliegemea gari, akaangalia ndani, akatusalimu "Kamwene," akaendelea kuegemea mpaka ng'ombe wa mwisho alipopita.

Chimala tulipokewa na mwalimu mwenzangu niliyesoma naye. Mke wake alipika wali na samaki wa mtoni wa kukaanga. Chakula kikatengwa sehemu mbili, kitanda sehemu mbili, Sekela akalala kwa jirani. Mwenyeji wangu alicheka sana kusikia habari ya nyumba mbili, halafu akamtazama baba akiinamia sahani, vidole vikitafuta samaki miiba isimchome, akaacha kucheka. "Mtafika?" akaniuliza.

"Kesho jioni tutakuwa Iringa," nikasema kwa majivuno ya mwenye gari.

Sikujua kwamba nilikuwa nimetoka nyumbani na homa. Asubuhi viungo vilikuwa vizito. Kabla ya kufika Igawa gurudumu likapata pancha, na hilo la akiba nililobeba nalo lilikuwa limetoka upepo. Tukakaa chini ya jua, nikibandika kiraka, kikabanduka, nikabandika tena. Baba alikuwa ameshika kopo la solusheni ya kubandikia kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alifurahi kupewa kazi.

Igawa hadi Makambako

Barabara ilianza kupanda tena, na upepo wa baridi ukaingia. Sasa nikaona watu wa kando ya njia wanafanya jambo la ajabu. Wanaume walikuwa wakivua kofia. Wanawake walitua mizigo na kusimama wameinamisha vichwa. Nikadhani ni adabu ya Wabena kwa magari, nikawa nainua mkono kama mkubwa wa wilaya.

Makambako nikasimama mbele ya hoteli ya chai. Watu walitoka taratibu, hawasemi. Katekista mmoja, mtu mrefu mwenye suruali fupi ya kaki, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu. Mmetoka naye mbali?"

"Rungwe," nikasema.

"Eee, jamani. Na mzee huyu ndiye baba?"

"Ndiye."

Akatikisa kichwa. Alimwangalia baba, yule mzee mwenye koti jeusi, macho meupe hayapepesi, akaliangalia shuka. Kichwa changu kilikuwa kinavuma kwa homa, sikuunganisha mambo. Nilipokuja kuelewa, yule katekista alikuwa amekwisha kuweka kiganja juu ya paa la Kobe, watu wamefumba macho, na yeye anaomba. Aliomba vizuri sana. Alimwombea aliyelala apumzike, akawaombea wanaobaki wapate faraja, akaiombea safari yetu ya mwisho pamoja. Nani angemkatiza mtu katikati ya sala? Aliombea hata dereva.

Akamaliza. Na Sekela, aliyelelewa kanisani tangu utoto, akajibu kwa sauti kutoka nyuma ya shuka: "Amina."

Ndugu zangu, sijapata kuona watu wakitawanyika vile. Kikombe kilivunjika. Mama mmoja aliruka benchi akiwa na mtoto mgongoni. Katekista peke yake alibaki, kwa kuwa miguu ilimgomea. Nilifungua mlango wa nyuma haraka nikamwonyesha Sekela, mzima, amejifunika kitenge, machozi ya kicheko yanamtoka. Ilibidi kumweleza yule bwana mila yote mpaka rangi ikamrudia, halafu akatununulia chai na maandazi yeye mwenyewe.

Tulipokuwa tumekwenda mbali kidogo, baba akaanza kutikisika. Nikageuka kwa hofu. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika mama.

"Maiti wetu ana sauti nzuri," akasema.

Makambako hadi Nyololo

Mvua ilitukuta ghafla. Barabara nyekundu ikawa uji, na karibu na Nyololo Kobe likaingia tope mpaka tumboni. Nilishuka kusukuma, likanicheka. Ilikuwa Alhamisi, jua linaelekea kuzama, na Jumamosi daktari anaondoka. Nilisimama kwenye mvua nikaogopa kweli. Niliona jinsi nitakavyomrudisha baba nyumbani na macho yaleyale, kwa sababu ya shimo moja la tope.

"Tunahitaji watu wawili wa kusukuma na mmoja wa usukani," nikasema, nikijisemea tu.

Baba alikuwa amekwisha kufungua mlango. "Mimi nasukuma," akasema. "Mikono yangu inaona. Mwambie mkeo ashike huo usukani."

"Baba, viti vya mbele ni..."

"Nyumba yangu iko wazi, mimi nimetoka. Aingie."

Sekela alikuwa amewahi kuliendesha mara mbili tatu kwenye kiwanja cha shule, nikimfundisha kwa fahari. Baba alipofika nyuma ya gari, nikiwa nimemshika kiwiko, Sekela akapita upande wa pili akaketi kwenye usukani. Kobe lote lilikuwa kati yao, chuma na vioo. Lakini nani atatuamuru? Tairi za nyuma zikizunguka hatukusikiana, na aliyeona mbele alikuwa Sekela peke yake.

"Haya!" akapiga kelele. "Sukumeni! Tena! Ngojeni, linateleza! Sasa!"

Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mwanamke anayewaita ng'ombe. Baba akaweka bega, miguu ikazama, tope likamrukia mpaka kwenye ndevu. "Amesema sasa!" akanifokea. "Husikii? Sukuma!" Kobe likanguruma, likatoka kwa kishindo, nasi wawili tukaanguka kifudifudi palepale lilipokuwa.

Kijijini Nyololo mama mmoja Mbena mwenye nyumba kubwa alitupa maji ya moto, ugali na majani ya maboga, na akamletea baba ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, kwenye kata. Nilitaka kusema kwamba baba hanywi. Akanusa, akaonja. "Haya si maji ya mianzi tu?" akauliza. Mama akamwambia ndiyo, ni mianzi tu. Mzee wa kanisa akamaliza kata.

Nyololo hadi Tosamaganga

Ijumaa ndiyo ninayoikumbuka kidogo kidogo, vipande vipande, kwa sababu ya homa. Jua lilikuwa linatoka na kuingia mawinguni. Mashamba na vilima vya Mufindi vilipita vikizunguka taratibu, na macho yangu yalikuwa yanataka kufumba.

Baba akaona, au tuseme akasikia. "Unalala," akasema. "Unayumbisha gari." Kisha akaongeza, "Mwambie mkeo atusimulie barabara. Wewe utapata wa kukuamsha, na mimi nitajua nimepita wapi."

Nyuma shuka likatikisika. Halafu sauti ikaja, ndogo, imeelekezwa kisogoni mwangu. "Mwambie baba kuna mlima upande huu umekatwa juu, na wingu limekaa pale lilipokatwa."

"Baba, anasema kuna mlima..."

"Nimesikia. Mwambie, wingu la mvua au la bure?"

"Anauliza..."

"Mwambie la bure."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka Iringa. Yeye alisema mwambie baba, na baba alisema mwambie mkeo, na mimi katikati sikutakiwa kumwambia mtu chochote. Alimsimulia watoto waliokuwa wanaoga mtoni na mmoja akasimama akapiga saluti. Alimsimulia bibi aliyebeba mwavuli uliofungwa huku mvua inamnyeshea. Alimsimulia mawe makubwa ya Uhehe yaliyopangwa juu ya mengine, akasema yanaonekana yamechoka. Baba aliuliza maswali mengi, na alivyozidi kuuliza ndivyo Sekela alivyozidi kuona. Nilikuwa na homa kali, barabara inapanda na kushuka mbele yangu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena ndani ya gari lolote.

Tukakata kushoto kuingia Tosamaganga alasiri, miti imejipanga kando ya njia na mnara wa kanisa juu. Sista mmoja mzungu alitutokea barazani.

"Kamwene," akasema. "Macho? Daktari amemaliza. Kesho mapema anakwenda."

Nikamweleza tulikotoka. Nikamweleza mlima, pancha, tope. Nadhani nilimwambia hata habari ya sala. Alimwinua baba kidevu, akamtazama macho, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka.

"Anasema atampasua kesho asubuhi kabla ya safari. Lakini sikiliza. Atafungwa macho yote mawili. Atalala chali, kichwa kisitikisike, siku nyingi. Lazima mtu wake akae naye kila wakati, amlishe kwa kijiko, amshike mkono. Kama hayupo mtu huyo, hatufanyi kitu, jicho litaharibika. Nani atakaa?"

"Mimi," nikasema.

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Wewe unaungua. Wewe mwenyewe ni wa kitandani. Nani mwingine?"

Baba alikuwa amesimama akishikilia mlango wa Kobe, na nikaona vidole vyake vinaachia kidogo kidogo. Alikuwa ameelewa. Alikuwa anajiandaa kusema turudi nyumbani.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Sekela akashuka, kitenge kichwani, akasimama nyuma ya mgongo wa baba, karibu kuliko alivyowahi kufika.

"Mimi nitakaa naye," akasema.

Ndani ya kichwa changu nilimwona shangazi. Baba hakugeuka. Alisimama hivyo mpaka Sista akaanza kuangalia saa yake.

"Mwambie," baba akasema hatimaye, "uji wangu asiutie sukari nyingi."

Wodini

Nami nikalazwa wodi ya pili. Siku za mwanzo zilipita juu yangu tu. Nilisikia kengele za kanisa, nikasikia nyimbo za Krismasi, nikadhani niko Rungwe, halafu niko tena barabarani na milima inatembea.

Nilipopata nguvu nilikwenda nikasimama nje ya dirisha la baba. Alikuwa amelala chali, bendeji imemzunguka kichwa. Sekela ameketi kwenye kigoda, bakuli mapajani. Mimi sikuwepo, na mtu wa kupokezana maneno hakuwepo, lakini heshima haikuwa imevunjwa. Alikuwa anazungumza na kijiko.

"Kijiko, mwambie baba afungue kinywa. Kijiko, mwambie nje kuna kunguru ameiba sabuni ya Sista."

"Kijiko," baba akajibu baada ya kumeza, "muulize amekwenda nayo wapi."

Niliondoka pale polepole. Nililia kidogo nyuma ya jiko la hospitali, na sioni haya kuandika hivyo.

Asubuhi ya kufunguliwa bendeji, Sekela alikunja mkeka wake, akaosha bakuli, akatoka kabla Sista hajafika. Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwenye Kobe, akaingia nyuma, akarudisha shuka, akalivuta likanyooka. Hakuna aliyemwambia. Baba sasa atakuwa na macho, na mila ilikuwa palepale ilipoachwa.

Jicho moja lilibaki na ukungu. La pili likafunguka. Baba alipewa miwani minene, akaangalia mikono yake mbele na nyuma, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi. "Umekonda," akasema, kisha akanishika uso wote kwa viganja, ingawa sasa hakuwa na haja ya kupapasa.

Halafu akageuza kichwa kwenye kile kigoda. Kilikuwa kitupu. Nilikuwa na furaha nyingi siku ile, na katikati yake palikuwa na huzuni ambayo sikujua niipeleke wapi.

Kurudi

Baba alilizunguka Kobe kama shangazi alivyolizunguka. "Kumbe ni kadogo hivi!" akasema. "Mimi nilidhani nimepanda lori." Aliangalia milima, akaangalia mbingu, akaangalia mchwa wanaopanda ukuta, kila kitu kwa zamu yake. Alikuwa na kiu ya kuona. Kisha akafungua mlango wa mbele, akaliona shuka la maua ya buluu, limetulia, na nyuma yake hakuna sauti.

Hakupanda. Alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Halafu akavua miwani, akaniwekea mfukoni mwa shati. Akafungua skafu yake shingoni, akanipa.

"Nifunge macho."

"Baba! Umekuja kote huku ili uone."

"Nimeona. Nimekuona wewe. Nyumbani nitaona mpaka nichoke, hakuna anayenifukuza." Akashusha sauti, ingawa Sekela huko nyuma alisikia kila neno. "Wewe ukiendesha hunisimulii kitu. Na mtoto yule huko nyuma anakosa hewa kwa ajili yangu. Nifunge, tena vizuri, isiwe ya mchezo. Halafu utoe hilo shuka."

Nikamfunga. Nikamketisha, nikatoa vikulabu kimoja kimoja, shuka likaanguka, na Sekela akaonekana ameketi wima, viganja juu ya magoti, hajui atazame wapi.

Tukaondoka. Tulipita miti ya misheni, tukapita visima. Baba alikuwa ameelekeza uso wake uliofungwa mbele, nchi yote aliyoisafiria ikimpita pande zote mbili, na alikuwa anangoja. Tulipofika barabara kuu nikakata kulia. Nikasikia kiti cha nyuma kikilia. Sekela alikuwa amesogea mbele, viwiko vyake kati ya viti vyetu, karibu na bega la baba.

"Baba," akasema, na safari hii hakuniambia nimwambie. "Baba, tumeingia barabara kubwa. Kuna mtu anasukuma baiskeli, na juu yake amefunga mbuzi, na mbuzi anatuangalia."

Baba akageuza kichwa kuifuata ile sauti.

"Endelea, mwanangu," akasema.